Jibu: Jina "kimura" limetoka wapi

Mkuu, umeuliza kwa nini jujitsu ya Brazili, mchezo wa kupigana kwa kukabana na kukunja viungo, ina mbinu yenye jina la Kijapani, kimura. Kimura ni mtu. Masahiko Kimura, mwanajudo wa Japani, alipambana na Hélio Gracie, mmoja wa waasisi wa jujitsu ya Brazili, pale uwanja wa Maracanã, Rio de Janeiro, Oktoba 1951. Kimura alimshika kifundo cha mkono, akapenyeza mkono wake wa pili kuuzunguka mkono ule ule, akajishika kifundo chake mwenyewe, kisha akausokota kuelekea mgongoni. Mfupa ukavunjika, na Hélio bado hakugonga mkeka kukubali kushindwa! Kaka yake, Carlos, ndiye aliyemsalimisha. Wajapani mbinu hiyo waliiita ude-garami. Wabrazili wakaipa jina la aliyewashinda. Mimi hapo nawavulia kofia.

Ila Wajapani walishatangulia. Mwanajudo Mitsuyo Maeda alifika Brazili 1914 na kuweka makazi Belém. Ukoo wa Gracie husimulia kwamba Carlos alijifunza kwake. Maeda alitoka Kodokan, chuo cha judo alichoanzisha Jigoro Kano, mwasisi wa judo, mwaka 1882 baada ya kusomea shule mbili za jujutsu (jujitsu) ya kale ya Japani, Tenjin Shin'yo na Kito. Kwa hiyo wanaobishana kama asili ni judo au jujutsu wanagombea mtoto na mzazi wake.

Na si Brazili tu. Vasili Oshchepkov, Mrusi aliyepata mkanda mweusi Kodokan, ni mmoja wa walioasisi sambo, mieleka ya Kirusi. Ukiiona sambo inavyoangusha mtu kwa kushika koti, utaitambua judo papo hapo.