Ree Mbili Mkononi: Nizifiche au Nipandishe Dau?

SWALI: Ndugu Mshauri, pokea salamu kutoka Ujiji. Mimi hucheza mtandaoni mashindano madogo ya poka ya Texas Hold'em (kila mchezaji ana karata mbili za siri, na tano za wote hufunuliwa mezani), yale ambayo kiingilio chake hakizidi dola 2. Wiki iliyopita, madau ya lazima, ambayo wachezaji wawili huyaweka kabla ya karata kugawiwa, yakiwa 50 na 100, nami nikiwa na chipu 3,000, niligawiwa ree mbili, ya shupaza na ya kopa, jozi kubwa kuliko zote. Nilikuwa miongoni mwa wa kwanza kuamua. Nikakumbuka maneno ya baba yangu, mvuvi wa dagaa, kwamba taa ikishawashwa wavu hauvutwi kabla samaki hawajajaa. Kwa hiyo nikalipa 100 tu. Wanne wakaingia pamoja nami, wakiwemo wale wawili wa madau ya lazima. Karata tatu za kwanza za mezani zikawa tisa ya pau, nane ya pau na nne ya uru. Nikapita bila kuweka dau, nikiwangoja. Baadaye chipu zangu zote zikaingia, na yule wa dau kubwa la lazima akafunua nane na nne, yaani jozi mbili, zikaishinda jozi yangu moja. Je, nilikosea au ni bahati mbaya? Na siku nyingine nikipata ree mbili, nijitose na chipu zote mara moja?

Msomaji, Ujiji, Kigoma

JIBU: Ndugu yangu wa Ujiji, pole sana. Bahati ilikuwa na sehemu yake, lakini kosa lilitangulia, nalo lilifanyika pale ulipolipa 100 na kunyamaza. Mwenye nane na nne hakuwa amechagua kucheza. Wewe ndiwe uliyemruhusu azione karata tatu za mezani bila kuongeza hata chipu moja. Ungepandisha hadi 300, karata zile angezitupa karibu kila mara, wala usingejua kwamba zilikuwapo.

Tazama hesabu. Ree mbili zikipambana na mpinzani mmoja mwenye karata zozote zile, na karata zote tano za mezani zikafunuliwa, hushinda takriban mara 85 katika 100. Zikipambana na wanne, hushinda mara 56 hivi. Mtu anaweza kusema kwamba 56 kati ya watu watano bado ni faida kubwa, na kwa upande wa chipu peke yake anasema kweli. Ila katika mashindano chipu zikiisha umetoka, na mbele ya wapinzani wanne huna njia ya kujua ni yupi kati yao aliyebebwa na tisa, nane na nne.

Hata kama mambo yangekwenda vizuri, ungevuna kidogo, na hili ndilo ninalotamani wasomaji wetu walitazame kwa makini. Chukua mfano wa mpinzani mmoja tu. Ukipandisha hadi 300 naye akafuata, wale wa madau ya lazima wakatupa, fungu la mezani linakuwa 750. Ukiweka 500 baada ya karata tatu, 900 baada ya ya nne na 1,300 baada ya ya tano, chipu zako zote 3,000 zimeingia bila dau lolote kuonekana la ajabu. Sasa anza kwa kulipa 100 tu, dau dogo likatupwa, ukabaki na yule wa dau kubwa: fungu ni 250. Ukiweka 170, kisha 400, kisha 950, ambayo kila mara ni theluthi mbili hivi ya fungu, utakuwa umeingiza 1,620 tu, na karibu nusu ya chipu zake utamwachia. Ree mbili hugawiwa kwa wastani mara moja katika migawo 221, kwa hiyo huenda jioni nzima usizione tena.

Maneno ya baba yako ni ya kweli, lakini ni ya ziwani. Taa hungojwa kwa sababu dagaa wako mbali na wanahitaji kuvutwa, na ndiyo maana usiku wa mbalamwezi wavuvi wengi wa Kigoma hupumzika, kwa kuwa taa haivuti. Katika meza za kiingilio kidogo, wapinzani wamekwisha kuja wenyewe. Wengi wao hufuata dau la 300 wakiwa na ree na sita, au na mfalme na tisa, kwa sababu tu wanataka kuona. Kujificha kulibuniwa kwa ajili ya mpinzani anayekuogopa, na huyo hayupo hapo.

Zipo nafasi chache ambapo ningekuunga mkono. Ikiwa umekaa kwenye dau kubwa la lazima ukiwa na chipu zinazotosha madau makubwa 15 hivi, na mtu mmoja anayepandisha karibu kila mgawo amepandisha tena, wengine wote wametupa, basi kufuata tu kwa ree mbili na kumwacha aendelee kushambulia ni uamuzi mzuri. Wapinzani ni mmoja, na yeye mwenyewe ndiye anayelikuza fungu.

Malkia wawili au majeki wawili usiwafiche hata hapo. Ukiwa na malkia wawili, takriban mara 41 katika 100 karata tatu za kwanza zitaleta mfalme au ree. Ukiwa na majeki, ambao hata malkia huwazidi, karata iliyo kubwa kuliko zako itatokea mara 57. Kila unayemruhusu aone karata hizo kwa bei nafuu anaweza kuwa ndiye anayeingoja hiyo ree.

Kuhusu kujitosa na chipu zote 3,000 mara moja, hapana: utashinda 150 za madau ya lazima na kuwafukuza wote uliotaka wakufuate. Ukitaka kuficha, ficha katika kiasi cha dau. Kila unapofungua mchezo, uwe na ree mbili, saba mbili, au mfalme na malkia wa rangi moja, pandisha kiasi kilekile, kama mara mbili na nusu au tatu ya dau kubwa la lazima. Mpinzani atakayeiona 300 yako hatakuwa na namna ya kujua ni ipi kati ya hizo uliyoishika.