Mwili mzima unauma, vipimo havina kitu: maswali kuhusu fibromialjia

Nimepimwa damu mara tatu, majibu safi. Daktari amejuaje kuwa ni fibromialjia, ugonjwa wa maumivu ya mwili mzima?

Kwa kukuuliza. Hakuna kipimo cha damu wala picha inayoionyesha. Kwa vigezo vya 2016, mwili hugawanywa sehemu 19, na kila sehemu iliyouma wiki iliyopita ni alama 1. Halafu uchovu, kuamka kama hukulala, na kusahau au akili kuwa nzito: kila kimoja 0 hadi 3. Kuumwa kichwa, tumbo la chini na sonona ndani ya miezi 6 huongeza 1 kila kimoja. Ukifikisha 7 za maumivu na 5 za dalili (au 4 hadi 6 za maumivu na 9 za dalili), maumivu yakiwa yameenea na dalili zimedumu miezi 3, umetimiza vigezo.

Damu hupimwa kutafuta mengine: upungufu wa damu, uvimbe mwilini (vipimo vya ESR na CRP), homoni za tezi ya shingo. ANA, kipimo cha magonjwa ambayo kinga hushambulia mwili wenyewe (kama lupasi), usiiombe bila dalili za magonjwa hayo. Huweza kutoka chanya hata kwa mtu mzima wa afya, ukabaki na hofu ya bure.

Nilibonyezwa, pointi hazikufika 11. Basi sina?

Hivyo ni vigezo vya 1990: pointi 18 za mwili zilibonyezwa na 11 zilitakiwa kuuma, kidole kikikandamiza kwa kilo 4 hivi, hadi ukucha wa anayepima uwe mweupe. Mikono ya wapimaji hailingani nguvu, na usingizi haukuhesabiwa. Tangu 2010 si lazima.

Nina baridi yabisi. Naweza kuwa na vyote viwili?

Ndiyo, na wengi wanavyo. Viungo visipovimba na CRP ikiwa chini, kuongeza dawa ya baridi yabisi hakutatuliza maumivu ya fibromialjia.

Nyumbani wanasema ni mawazo tu. Hili jina linanisaidia nini?

Maumivu ni ya kweli. Mfumo wa fahamu unayakuza kupita kiasi. Viungo haviharibiki, na hilo peke yake huwatua wengi mzigo. Pia unaacha kuzunguka na vipimo, unaanza tiba, na yenye ushahidi mkubwa ni mazoezi. Anza na dakika 5 za kutembea, ongeza kidogo kila wiki. Wengi hukosea siku wanayojisikia vizuri: hufua, hudeki, hupanga kabati, kisha hulala siku mbili. Ibuprofeni husaidia kidogo kwa kuwa hakuna uvimbe wa kutuliza. Daktari huweza kukuanzishia dawa ya amitriptilini miligramu 10 usiku.

Ila jina hili lisifunike kila kitu. Homa, kukonda bila sababu, kiungo kuvimba au mguu kuishiwa nguvu: rudi ukapimwe upya.