Notisi ya rufaa imemfikia mjibu rufaa baada ya siku 20: rufaa imekufa?

Ndugu, haijafa yenyewe, ila kwa kuchelewesha notisi (taarifa kwamba unakusudia kukata rufaa) umempa mpinzani wako, yaani mjibu rufaa, upenyo. Kanuni za Mahakama ya Rufani (Tanzania) za 2009, kanuni ya 84, zinakupa siku 14 tangu kusajili notisi uwe umempa nakala. Ukipitiliza, anaweza kuomba notisi ifutwe chini ya kanuni ya 89(2), kwamba hukuchukua hatua muhimu. Usimsubiri. Wahi ombi la kuongezewa muda chini ya kanuni ya 10, na kiapo kieleze kila siku ya kuchelewa. "Nilikuwa na shughuli nyingi" haimgusi jaji hata kidogo.

Mimi ningehofia zaidi ile barua ya kuomba mwenendo wa kesi (kumbukumbu za yaliyojiri mahakamani), ambayo hujaigusia. Rufaa husajiliwa ndani ya siku 60 tangu notisi, na wote tunajua nakala za mwenendo zinavyochukua muda kutoka. Cheti cha Msajili wa mahakama ndicho huondoa siku hizo za kungoja kwenye hesabu ya siku 60, lakini kanuni ya 90(3) inataka barua yako iwe imemfikia na mjibu rufaa. Kama iliishia masjala ya mahakama tu, cheti hakikusaidii na rufaa inahesabika imepita muda.

Kwa hiyo toa faili leo, tafuta nakala ya barua. Ina saini ya wakili wao, tarehe na muhuri wa kupokea? Kama ipo, shughulika na notisi peke yake. Kama haipo, mwone wakili kabla hujasajili chochote kingine.