Deni Lilipwe, Matusi Yakomeshwe

Wiki iliyopita niliweka kwenye ukurasa wangu picha ya barua kutoka kampuni moja ya mikopo ya mtandaoni, ile iliyonisumbua kwa simu za sauti ya kurekodiwa mpaka nikawa naiogopa simu yangu mwenyewe. Barua ni fupi. Wanakiri kwamba namba za ndugu zangu zilitumika bila idhini, wanasema wamezifuta, na kwamba simu zimesitishwa. Nilitegemea watu wanipe hongera wapite. Badala yake inboksi ikajaa. Dada mmoja wa Uvinza akaandika: "Dada, mimi wamempigia hadi mwalimu wa darasa wa mwanangu. Wewe ulifanyaje?"

Najibu hapa kwa wote, maana najua wanaonisoma wengi ni wapambanaji wenzangu: wenye meza soko la Mwanga hapa Kigoma, wanaochukua dagaa Kibirizi na Katonga, wanaopakia mawese kwenda Kahama na Mwanza. Sisi ndio tunaokopa. Mtaji haukui kwa kuutazama, na benki inataka hati ya nyumba ambayo wengi wetu hatuna. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba dawa ni kuacha kukopa.

Mimi nauza mawese na dagaa. Mwaka 2024 Serikali ilifunga shughuli za uvuvi Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wazaliane. Uamuzi huo siupingi, ziwa lilikuwa limechoka. Lakini sisi wa dagaa tulibaki na mawese peke yake, na kila mwenye vijisenti akakimbilia madumu hayo hayo. Nikaomba laki tatu kwenye programu ya simu. Ikaingia laki mbili na elfu arobaini. Elfu sitini ilikatwa juu kwa juu kwa jina la ada ya huduma, na laki tatu yote ilitakiwa irudi ndani ya wiki mbili. Benki Kuu ilishaelekeza kwamba wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wanaokopesha bila kupokea amana, ambako programu hizi zinaangukia, wasitoze riba zaidi ya asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa laki tatu hiyo ni shilingi 10,500 kwa mwezi mzima. Mimi nilikatwa 60,000 kwa nusu mwezi. Mtaani wanaiita kausha damu, na hawajakosea.

Mteja wangu wa Kahama akachelewesha malipo. Nikalipa sehemu, nikawaandikia kwamba iliyobaki inakuja. Hakuna aliyejibu. Aliyejibu ni mashine.

Simu ya kwanza ya siku ilikuwa inaingia kabla ya adhana ya alfajiri. Namba ngeni kila mara. Ukiifungia hii, inakuja nyingine. Ila iliyoniuma ni ya mchana mmoja pale mezani. Nilikuwa namimina mawese kutoka kwenye dumu la lita ishirini, mikono yote myekundu hadi kwenye viwiko, simu ikaita. Nilidhani ni mtu wa lori. Nikamwambia binti anayenisaidia, bonyeza hapo kijani, weka spika. Sauti ya mwanamke, nzuri kabisa, kama ya mtangazaji wa redio: "Ndugu mteja, deni lako limepita muda wake. Wewe ni mdaiwa sugu. Usipolipa leo kabla ya saa nane mchana, taarifa zako zitatumwa kwa ndugu, jamaa na marafiki. Kuongea na ofisa wetu, bonyeza moja." Nikasema, "Jamani, subirini, nisikilizeni." Sauti haikusubiri. Ikaanza tena mwanzo: ndugu mteja, deni lako. Binti anahangaika kuikata, naye vidole vina mafuta, kioo kinateleza. Wateja walikuwa wanne. Mzee mmoja ambaye Ijumaa zote alikuwa ananunua kwangu akachukua dumu lake tupu akasema, "Nitapita baadaye, mama." Tangu siku hiyo ananunua meza ya pili kutoka yangu. Namwona. Tunasalimiana.

Na tishio lao walilitimiza. Mama mkwe wangu yuko Kasulu, simu yake ni ya tochi, kusoma hawezi. Ukamwingia ujumbe, akampelekea kijana wa duka amsomee, na kijana akausoma kwa sauti mbele ya watu: huyu ni tapeli, amekimbia na fedha za kampuni, wewe umeandikwa kama mdhamini wake. Jioni akanipigia. Hakufoka. Aliniuliza tu, "Mkamwana, umeniweka dhamana kwa watu gani?" Kama wewe ni mke wa mtu utaelewa kwa nini usiku ule sikulala. Mama yule hajawahi kusaini karatasi yoyote ya mkopo wangu. Namba yake walikuwa wameichota kwenye simu yangu, pamoja na namba ya fundi cherehani, ya kungwi wangu, na ya mtu niliyewahi kumuuzia gunia moja la dagaa.

Nilikwenda kituo cha polisi. Askari wa kaunta akaniuliza, "Kwani mama, unadaiwa au hudaiwi?" Nikasema nadaiwa. Akasema, "Sasa si ulipe?" Nikatoka. Swali lile nimelisikia tena na tena, hata kwa watu wa nyumbani, na hapa ndipo ninapotaka tuelewane. Kudaiwa ni jambo moja, nalo dawa yake ni kulipa. Kutukanwa, kutishwa na kutangazwa kwa watu ambao hawahusiki ni jambo jingine, na hilo lina sheria yake. Mtu anaweza kuwa mdaiwa na mlalamikaji kwa wakati mmoja.

Aliyenifungua macho ni msaidizi wa kisheria, hawa ambao wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 na hawatozi hela. Ulizia ofisi ya maendeleo ya jamii kwenye halmashauri yako, watakuelekeza. Alinionyesha kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015: kumtumia mtu mawasiliano ya kielektroniki kwa nia ya kumshurutisha, kumtisha, kumsumbua au kumtia msongo wa mawazo ni kosa, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni tano, au kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote viwili. Kifungu hakisemi "isipokuwa akiwa anadaiwa." Kisha akanitajia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Hiyo inasema taarifa za mtu zikusanywe kwa sababu halali iliyoelezwa wazi, zisitumike kwa jambo jingine. Mama mkwe hakumpa mtu yeyote ruhusa ya kuhifadhi namba yake. Kwa hiyo naye ana haki ya kulalamika kwa jina lake mwenyewe, hata kama mimi nadaiwa mabilioni.

Akaniambia jambo ambalo nalirudia kwa kila anayeniandikia: usibishane na mashine, andika. Nikachukua daftari la mauzo, nikaligeuza nyuma, nikaanza kuandika tarehe, saa, namba iliyopiga, na maneno yaliyosemwa. Ujumbe sikufuta hata mmoja. Niliwaomba wote waliotumiwa ujumbe wanirushie picha ya skrini yenye tarehe na namba vikionekana, na kwa mama mkwe, mume wangu alikwenda mwenyewe Kasulu akaipiga picha ile simu ya tochi. Dada wa Uvinza, hata wewe anza na mwalimu. Mwombe asifute. Najua aibu inakuambia umwombe afute haraka, lakini ukifuta umewafutia wao.

Niliporudi kituoni na daftari, mambo yalibadilika. Askari alisoma ukurasa wa kwanza, akageuza wa pili, akaita mwenzake. Nikapewa RB, yaani namba ya taarifa yangu kwenye kitabu cha polisi. Mtu mwenye tarehe na saa anasikilizwa tofauti na mtu anayelia, ndivyo ilivyo, ingawa mimi naona hata anayelia alistahili kusikilizwa. Halafu kumbukeni kwamba kila laini nchini imesajiliwa kwa alama za vidole. Namba hizo tunazoziita ngeni zina wenyewe, na polisi wakitaka kuwapata, pa kuanzia papo.

Kazi ngumu ilikuwa kujua namlalamikia nani. Programu ina jina moja na kampuni ina jina jingine. Nililipata jina la kampuni chini kabisa kwenye masharti ya mkopo, yale maandishi tunayoyapitisha kwa kidole. Benki Kuu ina orodha ya wakopeshaji wenye leseni kwenye tovuti yake. Litafute jina la kampuni, usitafute la programu peke yake. Novemba 2024 Benki Kuu hiyo hiyo ilitangaza programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yanakopesha mtandaoni bila leseni. Agosti ya mwaka huo ilikuwa imeshatoa mwongozo kwa wakopeshaji wa kidijitali, unaogusa uwazi wa tozo, namna ya kudai madeni na usiri wa taarifa za wateja. Anayekupigia akiwa hana leseni, peleka taarifa Benki Kuu na polisi. Akiwa nayo, ana cha kupoteza, naye ataisoma barua yako.

Barua yangu ilikuwa ukurasa mmoja. Nilitaja mkopo wangu, nikataja nilichokwishalipa na jinsi nitakavyomaliza. Nikataka mambo matatu: simu za kurekodiwa zikome na mawasiliano yawe ya maandishi kwangu peke yangu, namba zote za watu wengine zifutwe, na wanieleze walizipataje. Nikaambatanisha picha za daftari. Nikapeleka kwa barua pepe yao, na nakala kwa Benki Kuu na kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ile iliyozinduliwa na Rais Samia Aprili 2024. Nakala zile ndizo zilizofanya kazi, sina shaka. Barua niliyowahi kuwaandikia wao peke yao haikujibiwa.

Msifikiri haya ni mambo ya ndoto. Kenya, Septemba 2023, ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza kampuni moja ya mikopo ya simu faini ya shilingi 2,975,000 za kwao kwa sababu ya kutumia namba za watu na kuwasumbua. Marekani wana sheria ya tangu 1977 inayomkataza wakala wa madeni kumtisha na kumdhalilisha mdaiwa au kumpigia usiku wa manane, na nyingine ya 1991 inayompa mtu haki ya kudai dola 500 kwa kila simu ya mashine aliyopigiwa kinyume cha sheria. Dola 500 kwa simu moja! Sisi hatujafika huko kwenye kulipwa kwa simu, na ninaamini Bunge letu lingetutendea haki likifika. Lakini tulicho nacho kinatosha kuanzia, na tatizo letu kubwa ni kwamba tunakificha kilio chetu. Mashine zile zinaishi kwa aibu yetu. Wanajua mwanamke wa sokoni atauza hata kitenge cha harusi ili mkwe asijue. Wanajua mwalimu atakopa kwingine alipe hapa, na huko kwingine watampigia vilevile. Ndugu zangu, tuache kunyamaza. Ukipigiwa kwa ajili ya deni la mwenzako, usimcheke, usilipeleke kwenye kikundi cha vikoba. Mpe picha ya skrini, mwambie nani anaweza kumsaidia. Na ninyi wenye makundi ya kusali, ya kufa na kuzikana, lisemeni hili kwenye vikao vyenu, kwa sababu yupo mtu amekaa hapo hapo mbele yenu na simu yake ameizima kwa hofu.

Kuna wengine wanaotumia hofu hiyo kuiba. Unapigiwa, unatajiwa deni, unaambiwa tuma kwenye namba hii sasa hivi. Usilipe kwenye namba ya mtu binafsi. Lipa kwa njia iliyoandikwa kwenye mkataba wako tu, na ujumbe wa kitapeli upeleke namba 15040 ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano. Ukipiga *106# utaona pia ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Wapo waliokuta laini wasizozijua.

Wengi mmeniuliza kama baada ya kushinda niliacha kulipa. Hapana. Nililipa kwa awamu tulizokubaliana kwa maandishi, kila awamu nikaomba risiti, na mwisho nikadai barua ya kumaliza deni. Barua hiyo msiidharau. Taarifa za mikopo yetu zinakwenda kwenye taasisi za kumbukumbu za wakopaji, na benki huangalia huko kabla ya kukupa hata milioni moja. Jina langu lilikuwa bado linasomeka kama mdaiwa baada ya kumaliza kulipa. Nikapeleka nakala ya ile barua, likarekebishwa. Nakala halisi iko nyumbani ndani ya bahasha pamoja na vyeti vya watoto, na picha yake iko kwenye simu.