Namba za injini zinalingana. Je, Camaro hii ni halisi?

SWALI: Habari za kazi, fundi. Naishi Columbus, Ohio. Nimepata Chevrolet Camaro Z/28 ya 1969, gari ninayoitamani tangu nifike Marekani. Muuzaji anasema namba zote zinalingana, yaani injini ni ileile iliyotoka na gari kiwandani. Amenitumia picha ya namba zilizogongwa mbele ya injini: V0412DZ, na pembeni yake 19N6 pamoja na tarakimu nyingine tano, zilezile za kwenye kibati cha namba ya chasisi kwenye dashibodi. Zimegongwa kwa kina na zinasomeka safi kabisa. Injini anasema ilifunguliwa miaka michache iliyopita, uso wa bloku ukaskimiwa, yaani ukasagwa upya uwe bapa, na sasa iko kama mpya. Nimeingiza namba ya chasisi kwenye programu ya simu, ikajibu kwamba ni Camaro halisi. Anataka arbuni kabla ya Jumamosi. Nitoe? — J.M.

JIBU: Ndugu J.M., usitoe. Maelezo ya muuzaji yanapingana yenyewe kwa yenyewe, na umeniandikia mgongano huo bila kuuona.

Hiyo V0412DZ inamaanisha injini iliyounganishwa Flint, Michigan, tarehe 12 Aprili, na DZ ni alama ya injini ya inchi za ujazo 302 ya Z/28, toleo la kimashindano la Camaro, ya 1969. Mpaka hapo sawa. Lakini namba hizo hukaa kwenye kijiuso kidogo mbele ya silinda hedi ya kulia, na kijiuso hicho ni mwendelezo wa uso uleule ambao hedi inakalia. Kiwandani vilikatwa pamoja, kisha namba ikagongwa. Mtu akiskimu bloku kwa njia ya kawaida, kisu kinapita hapo pia, namba inafutika au inabaki kivuli. Fundi anayejua thamani ya alama hizo atasimamisha kisu kabla hakijafika, na hapo kitabaki kingazi chembamba kwenye ukingo wa gasketi, ambacho ukipitisha ukucha unakigundua. Kwa hiyo ama bloku haikuskimiwa, ama kingazi kipo, ama namba hizo zimegongwa baada ya kuskimu. Namba zenye kina na usafi unaousema, juu ya uso uliosagwa miaka michache iliyopita, bila kingazi, ni za mtu mwenye nyundo gereji.

Neno linalonichosha kuliko yote katika kazi hii ni hilo la "namba zinalingana". Watu wanalitamka kana kwamba ni hukumu ya mahakama. Hakuna mghushi anayegonga namba zisizolingana! Kulinganisha ndiko anakoanzia: anasoma kibati cha dashibodi, ananunua seti ya herufi za chuma, anagonga. Swali la kuuliza si kama namba hizi ni sawa na zile. Ni hili: nani alizigonga, na lini?

Najua mazoea haya tunayatoa nyumbani. Kadi ya gari Tanzania, au logibuku Kenya, ina namba ya chasisi na namba ya injini. Mkaguzi anasoma, anaona zinafanana, biashara imekwisha. Hati ya umiliki ya Marekani inabeba namba ya chasisi peke yake. Hakuna ofisi itakayokuuliza kuhusu injini. Namba iliyoko kwenye bloku haina mlinzi mwingine zaidi ya macho ya mnunuzi.

Programu ya simu nayo haikudanganya, ila haikujibu ulichouliza. Namba ya chasisi ya gari kama hilo inaanza 124379N: 1 ni Chevrolet, 24 ni Camaro ya silinda nane, 37 ni bodi ya milango miwili yenye paa, 9 ni 1969, N ni kiwanda cha Norwood, Ohio. Z/28 haimo. Camaro ya 1969 ya silinda nane iliyotoka na injini ya kawaida kabisa ya 307 ina mwanzo uleule. Zilitengenezwa Z/28 20,302 mwaka huo, na hakuna hata moja unayoweza kuitambua kwa namba ya chasisi. Kuanzia Desemba 1968 Norwood waliweka alama za X kwenye kibati cha bodi kilichopo kwenye ukuta wa injini, na X33 au X77 ndizo za Z/28. Hiyo inasaidia. Lakini vibati hivyo vinatengenezwa upya na kuuzwa, na vinashikwa na ribiti mbili tu, basi zitazame ribiti kwa makini kama unavyokitazama kibati.

Sasa elewa kwa nini 302 inaghushiwa kirahisi hivi. Mashindano ya magari ya Trans-Am yaliweka kikomo cha inchi za ujazo 305. Chevrolet wakachukua bloku yenye silinda za upana wa inchi 4 na kuipa krenki inayoipa pistoni mwendo wa inchi 3. Injini ya 350 ina upana uleule wa inchi 4, tofauti ni mwendo wa inchi 3.48. Bloku ya kalibu namba 3970010 ilitumika kwenye 302 za 1969, na ikatumika pia kwenye injini za 350 zilizokwenda kwenye magari ya familia na malori madogo kwa miaka mingi ya sabini. Mtu akikuonyesha kwa fahari namba hiyo iliyovimba nyuma ya bloku, amekuthibitishia tu kwamba bloku hii ingeweza kuwa ya Z/28. Ingeweza pia kuwa ya pikapu.

Hata tarehe ya kalibu ina mtego. Inaandikwa kwa herufi ya mwezi, siku, na tarakimu moja tu ya mwaka: C 28 9 ni tarehe 28 Machi, mwaka unaoishia na 9. Kwa bloku ya 3970010 mwaka huo unaweza kuwa 1969, na unaweza kuwa 1979. Kinachotakiwa ni mfuatano: bloku imiminwe kwanza, injini iunganishwe baadaye, gari likamilike mwisho, na kati ya hatua hizo ziwepo siku, wiki au miezi michache. Bloku iliyomiminwa Mei haiwezi kuwa injini ya tarehe 12 Aprili. Utashangaa wangapi wanakamatwa hapo, kwa sababu walihangaika na namba ya mbele na hawakuinama kuangalia ya nyuma.

Sasa njoo kwenye uso wenyewe, maana hapa ndipo penye ushahidi, na hapa ndipo watu wanapita mbio. Mashine ya Flint iliacha mistari myembamba iliyonyooka, sambamba, kutoka mbele kwenda nyuma ya injini. Kisu cha kuskimu kinachozunguka huacha mistari ya upinde. Msasa huacha mikwaruzo isiyofuatana. Halafu tazama kingo za kila herufi kwa kioo cha kukuzia: chuma kinapogongwa hujisukuma pembeni na kuinua ukingo mdogo kuzunguka herufi. Ukingo huo ukiwa umelazwa, au mistari ya "kiwandani" ikiwa imepita juu yake, kuna mtu alisugua baada ya kugonga.

Jambo jingine: V0412DZ iligongwa Michigan, 19N6 yako, ambayo ni namba ya gari kwa ufupi, iligongwa Norwood, Ohio, kwa vifaa tofauti mikononi mwa watu tofauti. Zikifanana umbo, kina na mpangilio kana kwamba zimetoka kwenye kisanduku kimoja cha herufi, ogopa. Usafi kupita kiasi nao haunipi raha. Namba za kiwandani mara nyingi zina upande uliozama na upande hafifu, kwa sababu zilipigwa haraka kwenye mstari wa kazi. Namba ya gari hugongwa pia kwenye gia boksi, na bodi ina namba zilizofichwa, moja kwenye ukuta wa injini chini ya kasha la hita, nyingine chini ya kifuniko cha matundu ya hewa mbele ya kioo. Weka picha hizo kando ya picha ya injini, ulinganishe maumbo ya herufi. Tarakimu utakuwa umeshazisoma.

Na tafadhali, mtu asiguse kijiuso hicho kwa msasa wala brashi ya waya "ili namba ionekane vizuri". Hili linaniuma kweli. Injini halali za zaidi ya nusu karne zimepoteza ushahidi wao wote kwa dakika moja ya usafi wa namna hiyo, na baada ya hapo hata mwenye gari mwaminifu hawezi kuthibitisha lolote. Fungua altaneta upate nafasi, tumia dawa ya kusafishia breki, kitambaa, na mswaki wa zamani. Basi.

Wanaoniudhi zaidi ni hawa wanaouza vyeti vya uhalisi kwa kutazama picha za simu. Picha moja iliyopigwa kwa mwanga wa mbele haionyeshi mistari ya mashine wala ukingo wa herufi. Wanachokisoma ni tarakimu, na tarakimu hata mtoto anazisoma. Ndugu zetu wa Muscat na Dubai wanaonunua magari haya wakiwa mbali wanauziwa karatasi hizo pamoja na gari, na wanazifungia kwenye fremu. Kwa Pontiac, kumbukumbu za kiwanda zinapatikana kupitia PHS, huduma inayozitunza. Kwa Ford za kuanzia 1967 kuna ripoti za Marti, kampuni yenye kumbukumbu za Ford. Kwa Chevrolet ya 1969 iliyouzwa Marekani hakuna ofisi yenye rekodi ya injini ya kila gari. Zilizopelekwa Kanada ndizo zina kumbukumbu kwa GM, kampuni mama ya Chevrolet, ya huko. Anayekuahidi barua ya kiwanda kwa Z/28 iliyouzwa Ohio anakuuzia hewa. Hata kile kibati cha chuma cha dhamana kinachokuja na kijitabu cha gari kinaghushiwa.

Injini isiyo ya mwanzo si aibu. Injini nyingi za 302 zilipasuliwa na vijana waliozikimbiza, na wakala akaweka bloku mpya chini ya dhamana, yenye alama CE mahali pa namba ya gari. Gari la namna hiyo, likiwa na breki za diski mbele, difu ya bolti 12, gia boksi ya Muncie ya gia nne na muuzaji anayesema ukweli, mimi ningelinunua bila wasiwasi kwa bei inayolingana na ukweli huo. Hilo unaloonyeshwa wewe linauzwa kwa bei ya injini ya mwanzo.

Kama gari lipo Ohio au jimbo la karibu, nenda mwenyewe. Mwambie muuzaji unataka altaneta itolewe na gari lipandishwe juu, uone kijiuso, tarehe ya nyuma ya bloku na namba ya gia boksi siku hiyohiyo, na kwamba utamlipa fundi saa moja ya kazi hiyo. Mwulize pia jina la karakana iliyoskimu bloku, kisha uwapigie wakwambie kama waliacha kijiuso au walikipitia. Akikwambia Jumamosi ni karibu mno kwa hayo yote, mwache amuuzie mwingine.