Maswali ya Wasomaji: Eti bangi ililetwa na wazungu?

SWALI: Mwalimu, za kazi. Kijiweni kwetu hapa Morogoro kuna ubishi hauishi. Wengine wanasema bangi ilikuja na mahipi na rege miaka ya 70, wengine wanasema wazungu ndo waliileta, halafu kuna jamaa kashikilia kwamba Kongo kuna watu waliifanya dini kabisa. Nani yuko sahihi?

JIBU: Huyo wa Kongo mnunulieni soda. Mmea wenyewe asili yake Asia. Kule milima ya Pamir, magharibi ya China, wamefukua makaburi ya miaka kama 2,500 iliyopita wakakuta vyetezo vya mbao vina mabaki ya bangi, kwa hiyo watu walikua wanafukizia maiti. Afrika iliingia kwa njia ya Bahari ya Hindi, na mapema sana: Ethiopia, kwenye pango la Lalibela karibu na Ziwa Tana, vimepatikana viko vya karne ya 14 vyenye masalia ya bangi. Tumbaku wakati huo ilikua bado iko Amerika, haijavuka bahari, sasa sijui mtasema walikua wanavutia nini. Wazungu walipokuja waliikuta.

Sasa Kasai, huko huko Kongo. Miaka ya 1870 na 1880 Wabashilange, ambao leo wengi wanawaita Walulua, walikua na kundi linaitwa Bena Riamba, yaani wana wa bangi, chini ya chifu Kalamba Mukenge. Walichoma hirizi na sanamu za zamani, wakakataza silaha vijijini, jioni wanakaa pamoja na kibuyu kikubwa cha kuvutia bangi kinazunguka, wakikutana salamu yao ni "moyo" (Waluba wa Kasai mpaka leo wanasalimiana hivyo). Na mtu akikosa, adhabu ni kuvutishwa mfululizo mpaka anazimia! Ila msidhani ilikua starehe tu, ile ilikua siasa. Vijana walikua wanawapiga chini wazee na waganga wao, na Kalamba akautumia udugu huo huo kujikusanyia nguvu.

Haya mengi tunayajua kupitia Mjerumani Hermann von Wissmann, aliyepita kwa Kalamba akatembea mpaka akatokea Saadani mwaka 1882. Ndio, huyo huyo aliyerudi pwani 1889 na jeshi kumpiga Abushiri, na Abushiri akanyongwa Pangani Desemba mwaka huo. Kwa hiyo mi maelezo yake nayasoma kwa jicho moja, maana Kalamba alikua mshirika wake na lazima amsifie, ingawa baadae huyo Kalamba aliwageuka hao hao wakoloni.

SWALI: Mwalimu shikamoo, naandika toka Tanga. Mume wangu anasema mkonge na bangi ni ukoo mmoja ndo maana zote zinatoa kamba. Kweli?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwambie hapana, hata hazijuani. Mkonge kwao Meksiko, Tanga uliletwa 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, nyuzi zake ziko kwenye jani. Bangi nyuzi ziko kwenye ganda la shina, na ile ya kamba ina kilevi kidogo mno. Wachina walivaa nguo zake na kutengenezea karatasi, merikebu za Ulaya kamba zake zilikua hizo hizo.

Ila kuna mahali zimekutana. Marekani ilikua imeibana bangi kwa sheria ya kodi ya 1937, halafu 1942 Wajapani wakateka Ufilipino zilikokua zinatoka kamba nzuri za meli, basi serikali ile ile ikageuka kuwabembeleza wakulima wapande ile ya kamba. Waingereza nao wakaukimbilia mkonge wa Tanganyika, na kwa sababu vibarua hawakutosha, watu wakakamatwa kwa lazima wakapelekwa mashambani. Kama kuna wazee wa zamani hapo mtaani kwenu waulize kuhusu hilo, wengi walisimuliwa na baba zao.