Kilti ya kila siku Glasgow

Kaka, umeuliza kama watu watakushangaa ukienda kazini na kilti, ile sketi ya marinda ya wanaume wa Uskoti, hapo Glasgow. Vaa tu! Kinachovutia macho vibaya ni kilti iliyoteremka nyongani kama jinzi. Ifunge juu, usawa wa kitovu, pindo liishie katikati ya goti, marinda yakae nyuma. Kabla ya kukaa, pitisha mkono nyuma uyalaze marinda. Ukishazoea hilo, wasiwasi mwingi unaisha. Mbele vipande viwili vya kilti hupandana: pini ichome kipande cha juu peke yake, ukishikanisha vyote viwili kitambaa kitachanika. Ya sherehe hula zaidi ya mita 7 za sufu, ni nzito kweli. Wewe chukua ya mita 4 na nusu, na buti, soksi zilizoshushwa na sweta la kawaida. Koti la harusi liache kabatini.